Kifungo cha Pili

Kiti chenyewe cha plastiki, kijani, kimo cha goti,
na mimi dereva wa lori la maji
nimekikalia kama ngamia aliyeambiwa aketi juu ya kikombe.
Mwalimu Zuweina hakucheka. Alinigawia donge.

"Unga, chumvi, mafuta kidogo, maji ya moto," akasema.
"Rangi ni manjano ya jikoni."
Donge lilikuwa bado lina uvuguvugu,
kama shavu la mtoto aliyetoka usingizini.

Azzan alikaa mkabala nami, miaka mitano kasoro mwezi.
Vidole vyake vilikataa penseli tangu shule kufunguliwa,
vikaangusha kijiko, tende, ufunguo wa gari,
vikaachia kamba ya kiatu kama kitu cha moto.
Nyumbani tulimwita mvivu.
Mimi nilimwita. Naliandika hapa neno hilo, lisijifiche.

Nje, Mabela ilikuwa inaungua, saa nne tu ya asubuhi.
Ndani kiyoyozi kinakoroma,
na mwalimu anatoa kabatini kinu cha shaba,
kinu cha kahawa cha bibi yake,
akatwanga bila ya buni ndani:

ti-nding.
ti-nding.
ti-ti-nding.

"Mkisikia zito, kandeni. Mkisikia jepesi, finyeni.
Kinu kikinyamaza, na mikono inyamaze."

Watoto kumi na mmoja, watu wazima wanane,
meza inatikisika, chumvi inawasha michubuko yangu.
Mkono wangu una usukani ndani yake:
miaka kumi na saba umejifunza kushika kitu kimoja
na kutokiachia.
Ukiambiwa finya, unabana.
Ukiambiwa achia, unafikiri.
Nikapitwa na mdundo. Nikapitwa tena.

"Baba," Azzan akanambia,
kwa Kiswahili cha mama yangu, kile cha nyumbani
tunachokivua mlangoni pamoja na viatu,
"usiligombeze. Sikiliza kwanza."

Akaviringisha nyoka. Nyoka akawa tambi.
Tambi akaikata kwa gumba na kidole cha shahada,
kila shaba ikilia, kipande kimoja,
ulimi umemtoka pembeni ya mdomo,
pumzi ameisahau.
Sikuwahi kumwona mvivu anayesahau kupumua.

Baadaye akaniundia lori.
Lilikuwa na matairi matano; la sita alilila,
akakunja uso kwa chumvi, akalitafuna hivyo hivyo.

Mwalimu alipita nyuma yangu, akasema kwa sauti ya chini:
"Penseli itakuja. Haiji kwa kufokewa."

Mchana nikarudi kisimani kujaza tangi.
Shafiqul, mshika mpira, akaona manjano kwenye kucha zangu,
akauliza kama nimepika biriani.
Nikamwambia ndiyo.
Barabara nzima ya Barka injini ilikuwa inasema ti-nding,
na vidole vyangu juu ya usukani
vinakanda, vinafinya, vinaachia,
hasa kuachia.

Wiki zikapita, sikuzihesabu.
Penseli bado inamponyoka, sitadanganya.
Lakini Ijumaa moja, kanzu imepigwa pasi,
kishada kimechovywa udi,
mama yake akanyoosha mkono kwenye vifungo vya shingo
kama kila Ijumaa,
na mtoto akarudi nyuma hatua moja.
Nikamwangalia mke wangu. Akaukunja mkono.

Tukangoja.
Adhana ya pili ilikuwa karibu, gari linanguruma uani,
na yeye amesimama mbele ya kioo
anatwanga kinu kwa mdomo, polepole,
ti-nding, kidole kinasukuma,
ti-nding, gumba linavuta,
ti-ti

kikaingia.

Kifungo cha pili, kwenye tundu la kwanza.

Mlangoni mwa msikiti mzee mmoja akainama amrekebishe.
"Muache," nikasema. "Kafunga mwenyewe."
Basi tukaswali hivyo, bega kwa bega,
shingo ya kanzu imepinda upande,
na kifungo cha kwanza kimebaki nje,
hakina pa kwenda,
kinatazama watu.